Dakika Kumi za Ngamia

Jumapili, 5 Januari. Asubuhi ukungu mwembamba, bati limelowa, hakuna upepo.

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku za baridi hujifanya mkuu wa kaya. Natumaini kikohozi ulichokitaja Novemba kimekwisha. Nyumba iko salama. Nimebadilisha kitasa cha mlango wa jikoni, na chumba chako nimekipaka rangi upande ule uliokuwa unabanduka. Binamu yetu mshonaji amepata mjukuu wa tatu, na anamtangazia kila mtu kwamba kachukua pua ya upande wetu. Maskini mtoto. Shuleni wamemweka mtunza maabara mpya. Alikuja kuniuliza chupa za asidi ziko rafu ya ngapi, nikamjibu kabla hajamaliza swali. Kumbe nilistaafu mwili tu.

Sasa Ngamia. Nimemwasha leo saa tatu kamili kama kila Jumapili. Ameshika mara ya pili. Nimemwacha angurume dakika kumi ulizoniagiza, feni inazunguka, mkanda haujalegea. Nikazima, nikafunika turubai. Jirani mpya alikuwa amesimama getini. Akauliza, "Dada, mbona sioni mahali pa kuwekea maji?" Nikamwambia halina rejeta, injini yake inapozwa na upepo. Akasema, "Ah, basi hilo si gari, ni ngamia." Nilicheka mpaka akashangaa. Nilimkumbuka Mama, aliyelipa jina hilo hilo siku uliyolileta.

Jambo lingine. Amekuja bwana mmoja mkusanyaji wa magari ya zamani, sijui nani alimwelekeza. Alichuchumaa kwenye mlango wa gari akasoma kibati: namba mia mbili themanini na saba. Akasema yalitengenezwa kwa miezi kumi na minne tu, hayakufika mia tano, kiwanda kikaacha. Akalizunguka mikono nyuma kama mtu aliyeingia msikitini au kanisani. Akauliza kama linauzwa. Nikamjibu mwenyewe yuko kazini mbali, anarudi. Akauliza, "Lini?" Nikasema, akimaliza mkataba. Atapita tena. Nimwambie nini?

Dada yako.

*Shajara, siku hiyo hiyo. Barua nimeinakili hapa kama kawaida. Sikumwandikia kwamba injini ilikohoa kabla ya kutulia, wala kwamba moshi ulikuwa mweupe tangu mwanzo hadi mwisho. Pengine ni baridi. Nimelala saa saba na robo usiku.*

27 Januari

Dada,

Shikamoo. Idara yako ya hali ya hewa nimeipata, na ukungu wenu nimeusikia mpaka mifupani. Kikohozi kimekwisha. Hapa joto, vumbi, na ndege zetu za kunyunyizia dawa mashambani zinarudi jioni zimechoka kuliko marubani. Wiki nzima nilikuwa nimefungua injini ya silinda tisa. Nikioga, oili inatoka masikioni.

Mpe hongera binamu. Pua ni mali ya ukoo, asilalamike.

Huyo mkusanyaji mwambie haliuzwi. Au usimwambie kitu. Watu wa namna hiyo wana subira.

Mkataba wameongeza tena, unajua mambo yao. Wewe endelea na Ngamia kama kawaida, saa tatu, dakika kumi. Nikiwa huku Jumapili saa hiyo natazama saa yangu, najua sasa dada yangu amegeuza ufunguo. Inanitosha.

Goti lifunge kitambaa cha sufu.

Mdogo wako.

*Shajara, Jumanne, 11 Februari. Mawingu, manyunyu hafifu. Barua yake imefika. Imeandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule. Nyuma kuna hesabu za kujumlisha kwa penseli, mwandiko wa mtoto, zimefutwa nusu nusu. Hajawahi kunitajia mtoto. Nimeirudisha kwenye bahasha. "Endelea na Ngamia." Imekuja siku tatu baada ya fundi.*

*Niandike hilo la fundi kwa utaratibu, maana sikuliandika siku yenyewe. Jumapili ya tarehe 2 Ngamia alishika, akatetemeka, akazima. Nilijaribu mara saba. Jumamosi ya tarehe 8 nikamwita yule fundi mwanamke wa gereji ya pale kona, wanayemwita Mama Spana. Alifungua kifuniko cha injini pale nyuma, akainama kuchungulia.*

*"Mnyama mzuri huyu," akasema. "Alitembea mara ya mwisho lini?"*

*"Hatembei. Namwasha."*

*"Unamwasha kila lini?"*

*"Kila Jumapili, dakika kumi."*

*"Halafu?"*

*"Halafu nazima."*

*Akafungua kifuniko cha oili, akatia kidole. Kilitoka na kitu kizito, rangi ya chai ya maziwa. "Hii ni nini, dada?"*

*"Oili."*

*"Huu ni uji." Akaupaka kwenye gazeti nione. "Sikiliza. Injini ikiunguza mafuta inatoa na maji, mvuke. Ikipata moto sawasawa, mvuke unatoka wote. Lakini dakika kumi akiwa amesimama? Hazimpashi joto hata paka aliyelala juu ya kifuniko cha injini. Maji yanabaki humo humo. Jumapili hii kijiko, Jumapili ijayo kijiko. Miaka mingapi?"*

*"Tisa."*

*Akagonga ekzosi kwa ncha ya bisibisi. Bisibisi ikazama kama imechomwa kwenye biskuti. "Ungelifunika tu ukalisahau, dada yangu, lingekuwa zima kuliko hivi. Nani alikufundisha?"*

*"Mwenyewe. Mdogo wangu. Ni fundi wa injini za ndege."*

*Mama Spana alifuta kidole, polepole, mpaka kikawa safi. "Fundi wa ndege," akarudia. "Haya."*

*Miaka ishirini na sita niliwashika wanafunzi mkono, nikawaonyesha mvuke unavyogeuka matone kwenye kioo baridi. Na gari lisilotumia maji nimeliozesha kwa maji. Nimehesabu kwenye shajara zote: Jumapili mia nne sitini na sita. Nilikosa mbili tu, kwa homa. Nimelala saa tisa usiku.*

Jumapili, 23 Februari. Asubuhi kweupe, upepo wa kusini.

Mdogo wangu,

Marahaba. Kitambaa cha sufu nimefunga, goti limepunguza ukali. Jirani mpya amepanda ua wa maua ya waridi, mbuzi wa mtu wameshaukagua. Binamu anakusalimu. Mtunza maabara alikuja tena, safari hii hakuwa na swali, alikuja kunywa chai tu, nikafurahi kuliko alivyojua. Aliangalia saa mara mbili.

Mkataba wameongeza kwa muda gani? Hukusema.

Ngamia yupo.

Dada yako.

30 Machi

Dada,

Shikamoo. "Ngamia yupo." Nimeisoma mara nne. Miaka tisa umeniandikia ameshika mara ya ngapi, mkanda umekazaje, paka kalala upande gani wa turubai. Leo, "yupo." Unaumwa? Au yule mkusanyaji anakusumbua?

Kama umechoka kumwasha, Dada, ukiona goti, unaweza... Hapana, endelea. Ila ukiumwa pumzika.

Hapa msimu wa dawa umeisha, uwanja kimya. Simu ya ofisini bado ni ya kazi tu, usijaribu kupiga, wananinunia. Niandikie haraka.

Mdogo wako.

*Shajara, Jumapili, 20 Aprili. Mvua tangu alfajiri. Barua yake ilifika Jumatano. Leo saa tatu mguu ulinipeleka wenyewe gereji ya hapa nyumbani. Nikafunua turubai, nikakaa kiti cha dereva, sikugusa ufunguo. Nilikaa dakika kumi nikisikiliza mvua kwenye bati. Kiti cha pili bado kina alama pale Mama alipokuwa akikaa ameshika mkoba kwa mikono miwili, akiogopa mwendo na huku akisema, "Ongeza kidogo." Halafu nilitoka, nikakosa cha kufanya mpaka jioni. Nimejaribu kuandika. Nimechana karatasi tatu. Nimelala saa nane na dakika ishirini usiku.*

Jumapili, 4 Mei. Asubuhi jua kali baada ya mvua, ardhi inatoa mvuke.

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Siumwi. Nyumba nzima, binamu mzima, mbuzi wamemaliza waridi.

Sasa nisome umekaa. Ngamia wako nimemuua mimi.

Sikumuua kwa kumgonga wala kwa kumsahau. Nimemuua kwa kumwasha. Fundi amefungua injini, oili imekuwa uji, silinda mbili zina kutu, ekzosi imeliwa kutoka ndani kama ubao wenye mchwa. Anasema injini isiyopata moto inajaza maji yake yenyewe. Najua ulisema dakika kumi. Lakini ulisema hivyo ukienda miezi mitatu, na miezi mitatu haingeua kitu. Mimi ndiye niliyefanya hivyo miaka tisa bila kuuliza. Mtu mwenye akili angeuliza. Mtu aliyekaa maabara angeuliza siku ya kwanza alipoona moshi mweupe, na moshi huo niliuona tangu mwaka wa pili. Niliuandika kwenye shajara, nikaupa tarehe, nikadhani kuandika ni kutunza.

Ulilitoa kwenye banda la kuku, ukalijenga miaka minne, ukaliendesha miezi kumi na moja tu. Uliniachia kitu kimoja.

Nimekuficha tangu Februari. Nilifikiri nikikuambia hutakuwa na sababu ya kurudi.

Nikemee, nitavumilia. Lakini nijibu.

Dada yako.

*Shajara, Jumapili, 1 Juni. Mawingu. Posta hakuna kitu.*

*Jumapili, 29 Juni. Baridi, upepo. Hakuna kitu. Mkusanyaji alipita, akaniambia hata likiwa bovu analitaka. Nilimpa maji ya kunywa.*

*Jumapili, 20 Julai. Kweupe. Hakuna kitu. Saa tatu nilikuwa nafagia mahali nilipokwisha kufagia. Nimelala saa tisa na nusu usiku.*

10 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo, na naomba uipokee kabla hujasoma mengine.

Barua yako ilifika katikati ya Mei. Nimeanza kuijibu mara nyingi kuliko karatasi ulizochana wewe, maana nakujua, umechana.

Hukuua kitu. Nilijua.

Nilijua tangu siku naondoka, Dada. Ni jambo la kwanza tunalomfundisha mwanagenzi hapa: usiiache injini ingurume chini kama huendi kuruka, utaiozesha. Nilikuagiza hivyo kwa sababu Mama alikuwa ametuacha wiki mbili tu, na wewe ulikuwa umekaa jikoni asubuhi hadi jioni umeshika kikombe chake. Nilitaka uwe na kitu cha kukutoa nje mara moja kwa wiki. Nikasema, miezi mitatu, injini itavumilia, nikirudi nitabadilisha oili, basi.

Sikurudi. Na barua zako zikaja. Saa tatu kamili, ameshika mara ya pili, paka kulia. Mwaka wa tatu niliandika nikuambie uache. Nilifuta. Ningesema acha, ungeuliza, sasa nilitunzeje mpaka urudi? Hapo ningelazimika kukujibu.

Sasa nakujibu. Sirudi kukaa, Dada. Hakuna mkataba unaoongezwa, niliajiriwa moja kwa moja zamani. Nina nyumba hapa. Nina mke, mwaka wa saba huu. Alikuja na watoto wawili, sasa ni wangu. Wanajua nina dada anayeandika hali ya hewa. Wewe ndiye ambaye hukujua kwamba wao wapo, na aibu hiyo ni yangu peke yangu. Kila nilipotaka kuandika, niliona umepaka rangi chumba changu.

Nililitoa gari kafara, Dada. Nilikaa nikahesabu Jumapili zako, nikasema heri lioze. Sikukuhesabu wewe mwenyewe. Wewe pia nilikuacha umesimama ukinguruma mahali pamoja, miaka tisa.

Hati ya gari imo humu, nimeitia sahihi. Ni lako. Uza, choma, panda maua ndani. Usinisamehe haraka.

Mdogo wako.

*Shajara, Ijumaa, 29 Agosti. Asubuhi upepo, mchana joto. Imefika. Nimetoa faili la mwaka wa tatu. Barua ya Septemba, ukurasa wa pili, mstari wa sita: umefutwa kwa wino mzito. Siku ile niliandika hapa, "amefuta mstari mmoja, hana kawaida hiyo." Nimeushika dirishani. Unasomeka, "Dada, usi". Basi. Sikula. Saa ya kulala sijui, sikutazama.*

Jumapili, 26 Oktoba. Asubuhi kweupe kabisa, baridi kidogo, upepo wa nyuma.

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Binamu mzima, mjukuu ameota meno na pua inaendelea.

Nimekukasirikia wiki tano, siku kwa siku, ziko kwenye shajara. Ungeniandikia "sirudi," ningelia Jumapili moja. Ulinipa Jumapili mia nne sitini na sita. Nimejiuliza kama ningekubali kuzibadilisha kwa ile moja. Siku nyingine nasema ndiyo. Siku nyingine nakumbuka kwamba saa tatu kulikuwa na mtu wa kumwendea, na jibu linanishinda. Kwa hiyo usiniombe msamaha tena, wala usidhani nimekwisha kutoa.

Sikuuza. Mkusanyaji aliniambia namwonea. Yule fundi, Mama Spana, alikuwa amekwisha kuishusha injini akaipanga juu ya meza yangu ya chakula, nikabandika kila kipande karatasi yenye namba, akasema tangu aanze kazi hajaona gereji yenye maktaba. Silinda mbili ameziokoa. Ekzosi ya namna hiyo haipatikani popote, hivyo fundi wa kuchomelea matangi ya maji amekaa na ile iliyooza mbele yake, akakunja mpya kwa mkono. Nilimwambia fundi wa matangi ya maji ndiye hasa aliyetakiwa. Hakuelewa, nikacheka peke yangu.

Na mimi nimepata leseni. Kwa umri huu. Mwalimu wa udereva anasema nashika usukani kama chupa itakayomwagika. Nililiwasha gari hilo miaka tisa na sikuwahi kulisogeza hata hatua moja. Hilo wewe hukuniagiza, nami sikulifikiria mwenyewe.

Leo saa tatu kamili nimemwasha. Sikukaa dakika kumi. Mama Spana akagonga bati la paa: "Nenda! Usirudi mpaka mshale ufike katikati!" Nikatoka getini. Jirani akapiga makofi, mbuzi wakakimbia. Nikapita shule, nikapita gereji ya kona, nikashika barabara kuu. Dakika kumi zikapita, mshale wa joto la oili bado umelala. Dakika ishirini ukanyanyuka. Nyuma ya mgongo wangu ule mlio ukabadilika, ukawa mzito na laini, mlio ambao sikuwa nimewahi kuusikia, kwa sababu hatujawahi kufika huko mimi naye. Dakika ya thelathini na nne mshale ukasimama katikati. Nikasema kwa sauti, "Umefika!" Nikageuka kumwambia mtu. Kiti cha pili kilikuwa na mkoba wangu.

Nilisimama kando ya barabara kidogo. Kisha nikageuza, nikarudi.

Chumba chako nitaondoa kitanda kile kimoja. Nitaweka viwili vidogo, na kile cha Mama kikubwa, cha mgeni na mkewe. Siulizi lini. Neno hilo nimelifuta.

Jambo la mwisho. Barua yako ya Januari ina hesabu nyuma yake. Ya kwanza na ya pili ni sawa. Ya tatu si sawa: arobaini na saba ukijumlisha na thelathini na nane si sabini na tano. Ni themanini na tano. Amesahau ile moja ya kubeba. Mwambie shangazi yake amesahihisha, na kwamba mwandiko ni mzuri.

Dada yako.

*Shajara, siku hiyo hiyo. Barua nimeinakili. Kilomita hamsini na mbili. Oili imebaki rangi ya asali. Jioni hakuna upepo, nyumba kimya, nimeosha kikombe kimoja. Nimelala saa tatu kasoro robo usiku.*